Mama Alitumwa

Mama alikuwa anapiga mlango wa kanisa kwa viganja, si kwa ngumi. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Mtu anayekimbia kifo ungedhani angepiga kwa ngumi au kwa jiwe, lakini yeye alipiga kwa viganja, kama anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mtoto aliyelala. "Mwinjilisti, nifungulie. Mwinjilisti Asegelile, ni mimi, Mama Lusajo." Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, jua limetoka, mabati ya kanisa yanafuka mvuke. Mimi nilikuwa chini ya tuta la barabara, shavu kwenye matope, Gwamaka mwenyekiti wa kijiji amenikalia mgongoni, mwingine amenishika miguu, na Gwamaka ananiambia sikioni kwa sauti ya upole kabisa, "Tulia kijana, tulia, hili halikuhusu." Kwenye dirisha dogo la pembeni, la kile chumba alichokuwa akivalia kanzu mwinjilisti, pazia lilivutwa kidogo, likarudi. Nililiona. Niliona na sweta la kijani, na kijijini kwetu sweta la kijani la namna ile alikuwa nalo mtu mmoja. Mama akapiga tena, akaita tena, kisha akaegemeza paji la uso kwenye mbao za mlango, akatulia. Ndipo akafika Jailo mwenye mashine ya kusaga na wenzake, na mawe yakaanza. Zaidi ya hapo siandiki. Watu wameniuliza nilisikia nini moyoni. Sikusikia kitu. Nilikuwa naangalia siafu wanavyopita karibu na pua yangu, wamebeba vitu vyao, wanakwenda zao.

Nimekaa na hayo miaka yote bila kuyaandika. Mimi ni fundi pancha hapa Nyololo, barabarani, darasa la saba sikulimaliza, na kalamu kwangu ni nzito kuliko jeki. Ila mwezi uliopita nikiwa chini ya lori, simu ikaita, sauti ya mwanamke ikasema, "Kaka Lusajo? Mimi Atupele. Atupele wa Mwinjilisti." Niliendelea kukaza nati. Akasema baba yake anaumwa, yuko kwake Ilomba, mjini Mbeya, hatoki tena kitandani. Kisha akasema, "Anaomba uje umwombee." Dereva wa lile lori alikuwa pale anakula hindi la kuchoma, akaniona nimesimama na spana mkononi, akauliza, "Vipi fundi, umefiwa?" Nikamwambia bado. Akacheka, akadhani ni utani.

Mwaka ule nilikuwa kijana wa kubeba gunia la viazi peke yangu, na tulikuwa tunaishi juu kule mlimani, ambako ukitazama chini asubuhi unaona taa za mji wa Mbeya zinazimika. Tulikuwa wawili tu, mama na mimi. Jiko letu lilikuwa kibanda cha pembeni chenye ukuta mweusi kwa masizi, na ndani mlikuwa na benchi moja, mafiga, na ungo uliotundikwa. Kila kitu cha maana kilisemewa humo. Kina mama wa kanisa walikuwa na kikundi chao cha Alhamisi, na siku moja baada ya ibada mwinjilisti alipitia kwetu, akakaa kwenye benchi lile, akala viazi vyetu vya kuchoma kwa chumvi, anapuliza vidole. Nilikuwepo, nachochea moto. Alikuwa amewagawia wale kina mama nyumba za kuombea, kila mmoja na upande wake, na kwa mama alifika mwenyewe kumpa wa kwake. Akamwambia, "Wewe Mama Lusajo nakutuma nyumba za juu, kuanzia kwa Jailo mpaka kwa mwenyekiti. Uombe asubuhi kabla hujawasha moto. Na utaje kila mtu kwa jina lake. Mgonjwa umtaje sana. Usimwachie Mungu kazi ya kukisia." Mama akacheka mpaka akakohoa. Akamuuliza, "Na wewe mwinjilisti nani anakutaja?" Akajibu, "Nitaje na mimi, mama, sina wa kunitaja." Akachukua kiazi kingine.

Basi mama akaanza. Alikuwa anatoka kukiwa kunapambazuka, anasimama mwisho wa shamba la viazi, pale njia ya kwenda kisimani inapokata, anaomba kwa Kinyakyusa kwa sauti ya kusikika. Aliomba kama mtu anayetembea. Anaanza nyumba ya chini, anataja baba, mama, watoto mmoja mmoja, anapanda nyumba ya pili, anataja, mpaka anafika juu. Ukimsikiliza ungejua amefika wapi. Akimaliza anarudi jikoni na umande miguuni, anawasha moto, tunakunywa uji. Wakati mwingine ananiambia, "Leo kwa mwenyekiti nimekaa sana, yule mtu ana mambo mengi." Kama vile ametoka kupiga stori huko.

Kisha watoto wakaanza kuugua. Homa, kuhara, macho yanaingia ndani. Zahanati ilikuwa mbali na barabara ilikuwa imekatwa na mvua. Sekela, binti wa Jailo, aliugua wa kwanza, na mama akawa anamtaja vile alivyoagizwa, mara nyingi, asubuhi yote anamtaja yeye tu. Mama Sekela, mke wa Jailo, alikuwa rafiki wa mama wa kusukana nywele. Alfajiri moja alikuwa anakwenda kisimani, akapita pale kwenye njia, akamsikia mwenzake amesimama kwenye ukungu peke yake anaita, Sekela, Sekela wa Jailo, Sekela. Akapita. Sekela akafa kabla wiki haijaisha. Tulikwenda kuzika, mama akalia kuliko wenye msiba, na hilo nalo likaja kusemwa baadaye. Halafu akafa mtoto wa nyumba ya pili. Halafu wa tatu. Wote walikuwa wa nyumba za juu.

Nilianza kuyasikia kwenye mashine ya kusaga. Pale watu wanapiga kelele kushinda injini, na injini ikizimwa ghafla maneno yanabaki hewani. Nilikuwa nimejipanga na debe langu la mahindi, injini ikazimwa, nikasikia mwanamke anamalizia, "...na kila anayemtaja hafiki Jumapili." Wote wakanigeukia. Jailo mwenyewe alikuwa ameshika mkanda wa mashine, mweupe kwa unga mpaka kope. Akaniambia, "Lusajo, msalimie mama. Mwambie leo asimtaje mtu kwangu, nimebaki na wawili." Baadhi wakacheka. Yeye hakucheka.

Nikamwambia mama. Tulikuwa tunakula, ugali na maharage, mvua inapiga. Nikasema, mama, omba moyoni, kwani Mungu kiziwi? Akasema, "Mungu si kiziwi. Mimi nikiomba moyoni nasinzia." Nikamwambia si mchezo, watu wanasema. Akaacha kula. Akasema kina mama wenzake wote wameshaacha, mmoja baada ya mwingine, kwa kuogopa hayo hayo maneno, na kwamba akiacha na yeye, wale watoto watakuwa hawana mtu wa kuwataja na wagonjwa ndio wanazidi. "Ubaya ukiwa mkubwa ndio niache? Si ningeacha ulipokuwa mdogo." Kisha akaniongezea maharage. Nilijua hapo nimeshindwa. Na akasema neno moja ambalo mpaka leo sijapata pa kuliweka. Akasema, "Wakizidi, mwinjilisti atawaambia. Yeye ndiye aliyenituma."

Wakamwita lambalamba. Kwa asiyewajua hao, ni waganga wanaozunguka vijijini kufichua wachawi, wanapita nyumba kwa nyumba, wanachimbua mapembe ya uchawi chini ya vizingiti, mengine wametoka nayo kwenye mikoba yao. Kila kaya ilitakiwa kuchangia debe la mahindi. Mama akakataa. Alimwambia Gwamaka mlangoni kwetu, bila ukali, "Mwenyekiti, nyumba hii ina Yesu, huyo bwana aingie kutafuta nini?" Gwamaka akasema, "Asiye na kitu hafungi mlango, mama." Mama akasema, "Mlango uko wazi. Wewe karibu ule. Yeye hapana." Gwamaka hakuingia. Nyumba nyingine zote zilichimbwa, hata za wazee wa kanisa, waumini waliokuwa wanashika Biblia Jumapili walisimama nje wamekunja mikono wakiangalia sakafu zao zinafukuliwa. Ya kwetu haikuchimbwa, na kutochimbwa ndiko kukawa ushahidi.

Mkutano uliitwa mchana, kwenye kiwanja cha ofisi ya kijiji. Lambalamba akazunguka, akanusa, akafanya yale mambo yao, akaja kusimama mbele ya mama. Hakuna aliyeshangaa. Mama Sekela akaeleza alichokisikia kwenye njia ya kisimani, na hakudanganya hata neno moja, ndiyo maana siwezi hata kusema alisema uongo. Gwamaka akamgeukia Asegelile. Akamuuliza mbele ya watu wote, "Mwinjilisti, huyu mama anasimama shambani alfajiri anataja majina ya watu na watoto wao. Haya ni mambo ya kanisa?" Kina mama wa Alhamisi wakavuta khanga zao, wakageukia pembeni. Mama akamtazama, na uso wake, naapa, ulikuwa wa mtu aliyekwishaokoka. Akasema, "Waambie, mwinjilisti." Asegelile alikuwa amemshika mkono binti yake, Atupele, mtoto wa kuanza shule. Akaangalia viatu vyake. Akasema, "Kila mtu anaomba kwa namna yake. Mimi moyo wa mtu siujui."

Basi. Ni hayo tu aliyoyasema. Mvua ikanyesha ghafla, watu wakakimbilia kwenye upenu wa ofisi na kwenye mashine, na yeye akaondoka na mtoto kuelekea kanisani, akisema anakwenda kufunga madirisha. Mvua ilipokatika watu wakaanza kumzonga mama, akakimbilia huko huko. Ya mlangoni nimeshaandika.

Hawakukubali azikwe kwenye makaburi ya usharika. Nilimzika mwisho wa shamba la viazi, na mtu mmoja wa kunisaidia, mlevi wa kijiji, ambaye alichimba tangu mwanzo hadi mwisho bila kuomba hata maji. Polisi walikuja, wakachukua watu, wakawarudisha. Kila aliyeulizwa alikuwa amejikinga mvua, hakuona. Mjomba akanipandisha basi la kwenda Iringa, nikashushwa Nyololo kwa mama mdogo.

Sehemu iliyobaki ya mwaka ule naikumbuka kama baridi tu. Mama mdogo aliolewa na Mhehe, baba mdogo Msigala, aliyekuwa anauza mbao, na mimi nililala stoo, kati ya mbao mbichi za msonobari. Zilikuwa zinatoa utomvu, nguo zangu zote zikanuka msonobari. Asubuhi ukungu uliingia mpaka ndani. Nilikula nilichopewa, makande, ugali, chai. Sikujua kama vina chumvi. Watu wakinisalimia barabarani, "Kamwene," nilisikia baadaye sana, wameshapita, ndipo mdomo wangu unajibu. Sikulia. Mama mdogo alinitazama kwa wasiwasi, nikawasikia wakiongea upande wa pili wa ukuta wa mbao. Baba mdogo alikuwa ametoka kunywa ulanzi, ile pombe yao ya mianzi, akasema, "Mtoto yule amekuwa kama gogo. Mlize hata kwa kumchapa." Mama mdogo akasema, "Mwache. Gogo halijaoza, limelowa tu."

Katika nyumba ile walikuwa na desturi baada ya chakula cha jioni, vyombo bado viko mezani, kila mtu anaomba kwa zamu, kuanzia mdogo mpaka mkubwa, kwa kifupi, ukikosa la kusema unasema asante kwa chakula. Jioni ya kwanza zamu ikanifikia. Nikakaa. Sikukataa, sikuwa na hasira hata, kulikuwa tu hakuna kitu, kama kufungua bomba maji yamekatika. Wakasubiri. Watoto wakafumbua jicho moja moja. Mama mdogo akasema, "Lusajo amemaliza. Amina." Wakaitikia amina, akaendelea yeye. Kesho yake hivyo hivyo. Hakuniruka hata siku moja, na hakunilazimisha hata siku moja. Miezi ikapita, zamu ya Lusajo, kimya, mnasikia moto na malori yanavyopanda, Lusajo amemaliza, amina. Siku moja mtoto mdogo akauliza, "Mama, kaka Lusajo anaomba nini?" Mama mdogo akamwambia, "Anaomba ile ndefu."

Viongozi wa dini wamenihubiria mengi tangu wakati ule, wengine wenye magari mazuri ninayowazibia matairi. Wananiambia nidumu katika maombi. Mimi nasema, sijui kudumu ni nini, kama si kukaa pale mezani na mdomo mkavu, kila siku, na mtu mmoja akakataa kukuruka. Sikuwa na imani. Imani alikuwa nayo mama mdogo, akaniazima kiti.

Mwaka ulipokuwa unaisha, wakati wa mavuno ya maharage mabichi, zamu ikanifikia na mdomo wangu ukafunguka. Nilijishangaa mwenyewe. Nilisema, "Jailo. Mama Sekela. Watoto wao wawili." Nikapanda nyumba ya pili, nikataja, ya tatu, nikataja, kwa Kinyakyusa, kwa njia ile ile ya mama, mpaka juu. "Gwamaka." Nikamalizia na yule aliyekuwa hana wa kumtaja. "Asegelile." Sikusema wabarikiwe, sikusema walaaniwe. Majina tu.  Baba mdogo, ambaye alikuwa anaijua habari yote, akaniuliza taratibu, "Hapo mwanangu, unawaombea au unawashtaki?" Nikamjibu, sijui baba. Akamtazama mkewe. Mama mdogo akasema, "Amina."

Tangu siku hiyo nimewataja kila asubuhi kabla sijawasha mashine ya upepo. Wengine wamekufa, nawataja hivyo hivyo. Na bado sijui. Kuna asubuhi nataja jina la Jailo na namuona na unga kwenye kope, amezika mtoto, na mimi nina watoto. Kuna asubuhi nyingine nataja na meno yameumana. Mungu anapokea yote mawili, au hapokei hata moja, hajawahi kuniambia.

Nikaenda Ilomba. Atupele ana nyumba nzuri ya tofali, amepanda maua kwenye makopo. Ni mama wa watu sasa. Alinipokea kwa kupiga magoti kidogo, "Shikamoo kaka," akanitangulia jikoni badala ya chumbani kwa mgonjwa, akafunga mlango, akasimama na birika mkononi. Akasema, "Mimi nilikuwemo. Siku ile, kanisani. Baba aliniziba masikio kwa mikono yake yote miwili mpaka kichwa kikaniuma. Lakini nilisikia." Nikamwambia, kwa hiyo mikono ilikuwa na kazi. Akaanza kulia. Mimi nilikuwa naangalia maua yake kupitia dirishani.

Asegelile amekuwa mdogo. Amelala chini ya blanketi mbili, Biblia pembeni, redio inaimba kwaya kwa sauti ya chini. Alinijua hapo hapo. Akasema, "Ndaga, mwanangu, ndaga kwa kuja. Niombee." Nikamwambia, nakutaja kila asubuhi tangu mwaka ule. Alifumba macho, nikaona amefarijika. Kisha akayafumbua, akauliza, "Ukinitaja unasema nini?" Nikasema, jina tu.  Nikamwambia, mwinjilisti, mimi sikuja na jiwe, nimekuja na ombi. Kule juu mpaka leo mama yangu ni mchawi. Watoto wa shule wanalikwepa kaburi lake, wanapita na njia ya ng'ombe. Wewe na mimi ndio tuliobaki tulioketi kwenye lile benchi, na mimi ni mwanawe, neno langu halihesabiwi. Mwite mchungaji, waite wazee wa kanisa waje hapa kitandani, Atupele akiwepo, useme. Akasema, "Mambo yale yamepita, mwanangu. Mungu ameshanisamehe." Nikamuuliza, alikufungulia mlango? Akageukia ukutani. Atupele akaleta chai, ikapoa, nikaaga.

Sasa naandika, kwa sababu Atupele ameahidi kumsomea. Asegelile, hizi si habari za kukutisha na moto. Kesho asubuhi nitakutaja, na keshokutwa, na ukifa nitakutaja, hiyo kazi uliigawa mwenyewe na mimi nimeirithi. Ila kuna kazi moja ambayo sikuirithi na siwezi kukufanyia. Uliulizwa mbele ya kijiji kizima, na swali lile halijafungwa, bado liko kiwanjani pale, linakusubiri. Sauti unayo, nimeisikia, inatosha kuomba maji, inatosha kuomba uombewe. Waite. Wakishakaa, usiwasomee sala, usiwaambie kila mtu anaomba kwa namna yake. Waambie nani alimtuma mama yangu.